Pazia, Masikio na Amadinda: Uhakiki wa Vigezo vya Usaili wa Muziki Vyuoni

Mjadala kuhusu usawa katika usaili wa wanamuziki umetawaliwa kwa miaka mingi na pazia. Boston Symphony Orchestra ilianza kulitumia mwaka 1952, na kuanzia miaka ya 1970 orkestra nyingine kubwa za Marekani zikafuata. Baadhi zilitandika hata zulia, ili mlio wa viatu usifichue jinsia ya mwombaji. Goldin na Rouse (2000) walipitia kumbukumbu za usaili huo na kulihusisha pazia na ongezeko la wanawake, ambao katika orkestra kuu tano walikuwa chini ya asilimia 5 mwaka 1970 na kukaribia robo katika miaka ya 1990. Uimara wa takwimu zao umehojiwa baadaye. Mwaka 2020 Anthony Tommasini, mhakiki wa muziki wa New York Times, alitaka pazia liondolewe, akidai kwamba linazizuia orkestra kufanana na jamii zinazozitumikia.

Wanaolitetea pazia na wanaolipinga wanasimama juu ya dhana moja wasiyoitaja: kwamba kinachopigwa nyuma yake ni muziki ambao masikio yaliyo mbele yake tayari yanaujua. Katika orkestra ya simfonia dhana hiyo ni halali. Katika chuo cha Afrika Mashariki kinachotangaza kwamba kinafundisha muziki, bila kusema upi, si halali. Makala haya yanadai kwamba ukosefu wa usawa katika usaili wa ukanda huu umo kwanza katika lugha ya vigezo, na kwamba pazia, hata likishonwa vizuri, haliwezi kuurekebisha.

Mfano ulio wazi zaidi ni mtihani wa ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo vyeti vyake vinatambulika katika ukanda huu na ambayo muundo wake hauko mbali na ule wa usaili wa vyuo vingi. Mtihani wake wa vitendo una alama 150. Vipande vitatu vilivyoandaliwa huchukua 90, skeli na apejio 21, kusoma noti papo hapo 21, na majaribio ya usikivu 18. Alama ya kufaulu ni 100. Hivyo mtahiniwa aliyepata alama zote za vipande, lakini hakupata kitu katika sehemu nyingine, ameshindwa. Anayetaka kwenda juu ya ngazi ya 5 hutakiwa pia awe amefaulu nadharia ya ngazi hiyo au sifa inayolingana nayo. Mwaka 2020 bodi hiyohiyo ilianzisha mtihani wa vipande vinne vinavyorekodiwa kwa video, usio na skeli wala kusoma papo hapo. Sehemu zilizodhaniwa kuwa kiini cha umahiri zikabainika kuwa ni uamuzi wa watunga mtihani, na uamuzi hubadilika.

Kiswahili chenyewe kimeupokea mfumo huu bila kuuhoji. Mtu husemwa kwamba “anasoma muziki” au “hasomi muziki”, na kinachokusudiwa ni noti za mistari mitano pekee. Fomu zikiandikwa kwa Kiswahili hutenga “ala” na “ala za asili”. Piano haihitaji kivumishi, ilhali zeze halipiti bila kupachikwa kimoja. Kwa mtafiti wa lugha hili si jambo dogo la mtindo. Umbo lisilo na alama ndilo linalochukuliwa kuwa kawaida, na lenye alama huwa nyongeza inayosubiri ruhusa.

Mahali ambapo vigezo hivi vinakwama kabisa ni kwenye amadinda, marimba ya Baganda yenye vibao 12. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akiwa na vigongo viwili na akipiga sauti zilizoachana kwa oktavu moja. Wa kwanza huanzisha mfululizo wake, sehemu iitwayo okunaga. Wa pili huingiza wake katika nafasi zilizo kati ya mapigo ya mwenzake, yaani okwawula, neno lenye maana ya kutenganisha. Wa tatu, katika okukoonera, hutumia vibao viwili vya juu tu kuutoa nje mkondo ambao hakuna hata mmoja wa wale wawili anayeupiga peke yake. Gerhard Kubik, aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, aliieleza hali hii mwaka 1962: sikio husikia lahani ambazo mikono ya mpigaji mmoja haizitoi. Sasa mwombaji wa amadinda aitwe peke yake chumbani, kama kanuni ya usaili inavyotaka. Atapiga nini? Akipiga sehemu yake kwa usahihi kamili, jopo litasikia nusu ya wimbo, na huenda likaandika kwamba mwombaji hana lahani.

Kisha huulizwa swali la usikivu: je, kipande hiki ni cha meja au maina? Amadinda hugawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, kila moja kama senti 240, ambapo nusu-toni ya piano ni senti 100. Kwa sikio lililolelewa humo swali hilo halina jibu. Wala si kweli kwamba muziki huu hauna maandishi. Joseph Kyagambiddwa aliuandika kwa tarakimu katika kitabu chake cha mwaka 1955, na Kubik naye alitumia tarakimu 1 hadi 5. Hayo pia ni kusoma.

Pwani nako lipo tatizo la jamaa moja. Mpiga fidla wa taarabu aliyezoea makamu ya rast huiweka sauti ya tatu chini kidogo ya ile ya piano, kwa makusudi na kwa mafunzo. Mtahini wa piano husikia fidla isiyotuniwa.

Wapo watakaojibu kwamba chuo kikuu hakiwezi kuacha noti, kwani mhitimu atazihitaji darasani, studioni na kwaya. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoipuuza kwa jina la utamaduni hawawatendei haki wanafunzi. Lakini inahusu mtaala, haihusu mlango. Chuo kinachomkataa mwombaji kwa kukosa noti kinamdai alete tayari kile ambacho kimeanzishwa kukifundisha, na gharama ya deni hilo hulipwa na wazazi wanaoweza kumweka mwalimu wa piano nyumbani. Pingamizi gumu zaidi ni jingine: katika kundi, jopo litamtenganishaje mwombaji na wenzake?

Jibu limo katika ala yenyewe. Mwombaji apige okunaga pamoja na mpigaji mzoefu, kisha wabadilishane aingie na okwawula. Kuingia katikati ya mapigo ya mtu mwingine kwa kasi ile, bila kuyumba wala kumfuata, ni jaribio la usikivu, mdundo na kumbukumbu kwa wakati mmoja. Anayekosea hujulikana papo hapo, hata na msikilizaji asiyeijua ala. Jopo litahitaji mtahini mmoja anayeijua, pamoja na vigezo vilivyoandikwa kwa istilahi zinazobeba kazi hiyo: kuingia, kushikana, kuachia nafasi. Maneno haya yapo katika Kiswahili cha kila siku, lakini hayajakubaliwa kuwa istilahi, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuyashughulikia kabla vyuo havijatafsiri fomu nyingine kutoka Kiingereza.

Washauri wa sera huuliza gharama, nao wana haki. Ni posho ya wapigaji wawili kwa siku za usaili. Mwombaji wa uimbaji au fidla hupewa mpiga piano wa kumsindikiza, na hakuna anayeuita upendeleo au anayesema kwamba sauti yake haijulikani kwa sababu hakuimba peke yake. Fungu la msindikizaji tayari lina mahali pake katika bajeti, nalo limeandikwa kwa ajili ya piano.