Nauvoo: Waliopanda na Waliotembea

Kuna mji mdogo unaitwa Nauvoo, pale Mto Mississippi unapokunja kona katika jimbo la Illinois, Marekani, ambako unapanda gari la farasi bila kulipa hata senti. Tiketi unachukua, pesa huulizwi. Kuna gari kubwa la kuzungusha watu mjini, na kigari kingine cha kuwatoa nje, kwenye miti na mashamba. Wanaoendesha ni watu wa kujitolea, wengi wao wazee waliostaafu, wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mtaani tunawaita Wamormoni, wale wale waliofungua hekalu Nairobi mwaka wa 2025.

Safari hiyo nataka kuisoma vile tunavyosoma riwaya, kwa sababu ni hadithi kamili. Ina msimulizi, ina mwendo wake, na ina jicho: unaona mji ukiwa umekaa juu, mgeni anayebembelezwa.

Kwanza, tuipe haki yake. Ni hadithi nzuri, na imesimuliwa na watu wanaoijua kazi. Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni wafukuzwe jimboni au waangamizwe. Wakakimbia, wakavuka mto, na 1839 wakaanza kukausha kinamasi na kujenga. Miaka michache baadaye mji ulikuwa na watu takriban 12,000, ukikimbizana na Chicago ya wakati huo. Juni 1844 kundi la watu wenye silaha likamuua nabii wao, Joseph Smith, pamoja na kaka yake Hyrum, ndani ya jela ya Carthage. Februari 1846 wakaanza kuvuka mto tena, kwenda magharibi, wakaacha nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa maana ya kufunga virago na kufunga mlango ukijua hutarudi. Mwendo wa farasi unaifaa hadithi hii. Ni polepole, huwezi kuruka ukurasa, na kwato zinakulazimisha unyamaze usikilize. Safari ya nje ya mji hata huchota visa vyake kutoka shajara na barua za wakazi wenyewe. Hapo sina neno.

Shida yangu ni kiti. Ukishakaa kwenye kiti cha mbao, umeshapewa nafasi kwenye hadithi: wewe ni mmoja wa waliopanda. Na historia ya watu hawa, ukiifuata vizuri, ni ya miguu zaidi kuliko ya farasi. Magari yaliyoelekea Utah yalivutwa zaidi na maksai, na ng'ombe wa kuhasiwa hapendezi kwenye picha kama farasi. Kuanzia 1856 kuna wahamiaji kama 3,000 kutoka Ulaya waliokosa hata hao maksai, wakasukuma na kuvuta mikokoteni. Ndiyo, mikokoteni, kama ya mahamali wa Gikomba, lakini kuvuka nyika na milima. Mwaka huo wa kwanza makundi mawili yalinaswa na theluji, na zaidi ya watu 200 wakafa.

Halafu kuna Jane Manning.

Jane alikuwa mwanamke mweusi, huru, kutoka Connecticut. Mwaka wa 1843 alianza safari ya kwenda Nauvoo na jamaa zake. Walipofika Buffalo, New York, walikataliwa kupanda chombo cha majini. Basi wakatembea. Maili 800, karibu kilomita 1,300. Toka Mombasa hadi Nairobi, rudi Mombasa, halafu anza tena mpaka Makindu, na yote kwa miguu. Katika simulizi ya maisha yake aliyoandikiwa uzeeni, anasema viatu viliisha, nyayo zikapasuka na kutoka damu. Njiani walidaiwa karatasi za kuthibitisha kwamba si watumwa. Walivuka mto maji yakiwafika shingoni.

Nauvoo alipokewa vizuri, hilo tusilifiche. Emma Smith, mke wa Joseph, aliwakaribisha nyumbani kwao, nyumba inayoitwa Mansion House, na Jane akabaki pale akifua, akipiga pasi na kupika. Anakumbuka kwamba Emma alimwambia wako tayari kumchukua awe mtoto wao kiimani. Hakuelewa maana yake, akasema hapana. Baadaye, akiwa Utah, alielewa, na akaomba miaka kwa miaka apewe baraka za hekaluni kama waumini wengine. Viongozi walikataa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka wa 1894 wakamfanyia ibada ya kumuunganisha milele na Joseph Smith, si kama mtoto, kama mtumishi. Hata kuingia hakuruhusiwa. Mwanamke mzungu alisimama badala yake. Sasa jamani, hiyo ni baraka gani? Jane alifariki 1908. Marufuku dhidi ya watu weusi iliondolewa Juni 1978.

Kanisa halijamsahau siku hizi, na si hoja yangu kwamba jina lake limefutwa. Hoja ni kwamba jina linaweza kutajwa na msimulizi mkarimu kabisa huku kiti kikilikanusha. Ukiwa umepepewa na upepo wa mto, farasi wawili wakikuvuta bure, utamsikia Jane kama kisa cha imani: miguu ilipona, alifika, akapokewa. Na kweli mwenyewe alisema waliomba na nyayo zikapona. Lakini sehemu ya mtumishi haiingii kwenye safari inayoishia pale ilipoanzia.

Machi 2024 kanisa lilinunua Mansion House kutoka kwa Community of Christ, pamoja na majengo mengine ya kihistoria, kwa dola milioni 192.5. Kwa hiyo sasa mwenye farasi ndiye mwenye nyumba pia. Kisingizio kimeisha. Gari lisimame kwenye kona ya Main na Water, abiria washuke, na 1894 isomwe pale pale mlangoni aliposimama Emma. Kipande kinachobaki hadi mtoni, watembee.