Kumpima Mwimbaji wa Akapela kwa Sikio

Ukitaka kujua kama kundi la akapela lina ufundi, usikimbilie kusifu linavyoanza. Chukua noti ya kwanza kwenye kinanda, waache waimbe, kisha iguse tena wanapomaliza. Sauti zisizo na chombo huelekea kushuka polepole, hasa wimbo ukiwa wa taratibu na pumzi ikipungua. Wote wakishuka pamoja kidogo, mimi husamehe, maana hata kwaya kubwa hushuka. Kisichosameheka ni besi kuzama huku sauti ya kwanza imebaki juu.

Anayeimba peke yake ana mtihani mgumu zaidi, na humo kipimo changu ni Bobby McFerrin, aliyezaliwa New York mwaka 1950. Baba yake, Robert McFerrin, aliimba baritoni, na mwaka 1955 alikuwa mwanamume Mweusi wa kwanza kuimba kama msanii wa jumba la opera la Metropolitan. Mwana alianza kwa kupiga piano, na uamuzi wa kuwa mwimbaji ukamjia mwaka 1977. Alivutiwa na Keith Jarrett, aliyekuwa akiketi kwenye piano mbele za watu na kutunga papo hapo, naye akataka koo lake lifanye vivyo hivyo. Mwaka 1984 ikatoka The Voice, albamu iliyorekodiwa jukwaani Ujerumani: mtu mmoja na maikrofoni, basi.

Sikiliza albamu hiyo kwa ajili ya miruko. Anagusa noti ya besi, anaruka hadi sauti nyembamba kabisa ya juu, anarudi chini, na kwa jinsi anavyowahi, besi inaendelea kulia masikioni mwako ilhali yeye ameshaiacha. Unasadiki unasikia watu watatu. Hapa ndipo pa kumtambua fundi: kila anaporuka, anatua katikati ya noti. Asiyeiva hutua kando, kisha huteleza akiitafuta, na hiyo sekunde ya kutafuta huvunja besi uliyokuwa umeishika kichwani. Tazama pia anachoacha. McFerrin huchagua noti chache zinazotosha kulijulisha sikio wimbo unakwenda wapi, nalo sikio humalizia. Wanaomwiga wengi hujaza kila nafasi kwa mdundo wa mdomo, na ukisikiliza nyimbo mbili umechoka.

Pumzi nayo husema mengi. Yeye hupiga kifua kwa kiganja kutunza mapigo, na huweza kutoa sauti hata anapovuta hewa ndani. Kwa mwimbaji mwingine yeyote, tega sikio pale pale anapovuta: mapigo yakiyumba, mazoezi hayajatosha.

Usichanganye jukwaa na studio. “Don't Worry, Be Happy”, wimbo wa kwanza wa akapela kushika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100, mwaka 1988, umejengwa kwa sauti zake mwenyewe zilizopangwa moja juu ya nyingine studioni. Ni kazi nzuri sana, ila inapima upangaji zaidi kuliko miruko.

Kwa makundi, nenda kwa Take 6, vijana waliotoka chuo cha Waadventista cha Oakwood, Alabama, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka huohuo wa 1988. Wao huweka noti jirani karibu mno, na uzuri hukaa katika sauti za kati: zinathubutu kusuguana bila mmoja kusogea kutafuta raha. Irabu zao pia hufunguka kwa mdomo mmoja. Vikundi vyetu vingi vya makanisani vina sauti ya kwanza tamu na besi nzito, lakini sauti ya pili na ya tatu zinanong'ona. Mwalimu wa kwaya anayejua kazi yake huanzia hapo.

Mwisho, angalia mwimbaji anavyoisikiliza hadhira. Mwaka 2009, kwenye World Science Festival mjini New York, McFerrin aliwafundisha watu noti mbili tu kwa kuruka mahali pawili jukwaani, kisha akaruka mahali pa tatu ambapo hakuwa amewaimbia chochote. Ukumbi mzima uliimba noti sahihi.