Asante Mama: Uhakiki wa Majina ya Puani

Wako wanaosema fasihi ni ile iliyochapwa kitabuni, basi. Mimi nabisha. Simama Kariakoo nusu saa tu uyatazame magari: Mungu Kwanza, Riziki Mafungu Saba, Asante Mama. Maneno mawili matatu mgongoni mwa daladala, na hadithi nzima imo. Gari hili limepatikanaje? Muulize mama. Yamekwisha.

Ndugu msomaji, usanii huu una ndugu yake wa mbali, tena mwenye damu mikononi: majina na picha walizochora wanajeshi wa Marekani kwenye pua za ndege za mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nimezitazama sana picha zake, naomba nizihakiki kama ambavyo ningehakiki riwaya.

Ya kwanza ni Memphis Belle, ndege ya B-17 iliyobeba watu kumi. Rubani wake, Robert Morgan, aliipa jina hilo kwa ajili ya mchumba wake, Margaret Polk, wa mji wa Memphis. Puani kachorwa msichana anaongea na simu, na kando yake vibomu vidogo vidogo, kimoja kwa kila safari ya vita. Mei 1943 walitimiza safari 25, wakaruhusiwa kurudi kwao. Wenzao wengi hawakufika hapo. Vile vibomu ndivyo ninavyovipenda: ni hesabu ya mtu anayeogopa, na kila kimoja kimelipiwa. Dosari ni huyo msichana. Kachorwa atazamwe tu, na hata jina lake halimo, limo la mji wake.

Ya pili ni Enola Gay, ya aina ya B-29. Hapa hakuna picha, ni herufi nyeusi za kawaida. Agosti 5, 1945, Kanali Paul Tibbets aliagiza jina la mama yake mzazi liandikwe puani. Robert Lewis, aliyezoea kuirusha ndege hiyo, alikasirika, lakini ndiyo hivyo, mkubwa kasema. Kesho yake ikadondosha Hiroshima bomu lililoitwa Little Boy, yaani mtoto mdogo wa kiume. Inakadiriwa watu wapatao 140,000 walikufa hadi mwisho wa mwaka ule. Hebu soma tena taratibu: mama, na mtoto tumboni mwake. Mtunzi wa riwaya akiandika hivyo, mhariri atamwambia kazidisha chumvi.

Sasa weka Enola Gay na Asante Mama pamoja. Wote wawili ni watoto wanaomkumbuka mama kabla ya safari, na sina sababu ya kusema mmoja wao anaigiza. Tofauti iko kwenye mzigo. Gari la Kariakoo limebeba abiria na tenga la nyanya. Kwa hiyo neno zuri peke yake halitoshi. Jina tamu linaweza kulala juu ya mzigo mchungu likaufunika kabisa, na sisi vijana tunaotunga tunapenda utamu mno. Kazi ya mhakiki ni kugonga bodi na kuuliza: jamani, humu mna nini?

Nyumbani nako ndege zimeandikwa puani. Boeing 787 ya Air Tanzania iliyotua Dar Julai 2018 iliandikwa Kilimanjaro, Hapa Kazi Tu. Mlima sawa, haunidai maelezo. Lakini hayo mengine ni maneno ya kampeni ya Magufuli ya 2015. Ndani yake simwoni mtu wala simsikii mama, nasikia amri tu. Namkubali zaidi yule twiga wa mkiani, ambaye hasemi kitu na anaeleweka.

Wenzangu wenye kalamu, tuchunge vichwa vya hadithi zetu. Riwaya yangu mimi bado haina jina. Naiandika kwanza, nijue imebeba nini.