Bawabu Asiye na Jina

Mjukuu wangu aliporudi kutoka masomoni Uingereza alileta begi zima la vitabu na kifuko cha dadu za pande nyingi, na tangu hapo baraza yangu Jumamosi jioni ni ya vijana watano wanaocheza Dungeons & Dragons. Mchezo huu ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji hubuni mhusika wake na kumsemea. Mmoja, ambaye hawa vijana humwita msimulizi, huwa ndiye dunia yote iliyobaki: mvua, majambazi, mfalme, hata mama ntilie. Nilivuta kiti pembeni nikidhani nitasinzia. Sikusinzia.

Binti mmoja alikuwa amechagua mhusika wa jamii ya tiflingi, yaani watu ambao ukoo wao umeingia damu ya kishetani, nao wana pembe na mkia. Wakafika kwenye mji wenye ukuta. Bawabu akawapitisha wenzake, akamzuia yeye. Akalala nje. Asubuhi akaingia amejifunika ushungi. Muuza mikate akamtemea mate, mwenye nyumba ya wageni akadai vyumba vimejaa. Mjukuu wangu, ambaye ndiye msimulizi, aliigiza sauti zote hizo kwa ufundi, na mwanzoni kila mtu alicheka. Saa nzima ikapita wenzake wakinunua silaha na kupeleleza habari za mjini, na yule binti anachora maua pembezoni mwa karatasi yake. Nilipomwuliza mjukuu wangu baadaye, alinijibu: "Babu, ndivyo watu walivyo. Mtu aje na pembe, halafu wamkaribishe chai?"

Jibu hilo lina uzito wake. Wako wasimulizi wanaoifuta chuki yote, mtu mwenye mkia akapita sokoni na hata kuku asishtuke. Hapo mkia umegeuka pambo, kama hereni. Aliyechagua pembe huenda alitaka kutazamwa. Ninachokosoa ni kwamba mji ule mzima ulikuwa na mtu mmoja tu, aliyebadilisha nguo: leo bawabu, kesho muuza mikate. Na hakuna alichoweza kutenda binti yule kikapunguza chuki hiyo hata kidogo. Basi kilichokuwa kinaadhibiwa si mhusika. Ni mchezaji.

Nilimwomba anionyeshe vitabu vya zamani. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kina jedwali la jinsi jamii zinavyotazamana, kwa herufi sita, kutoka kupendelewa hadi kuchukiwa. Unatafuta jamii yako, unashusha kidole, umeshajua utapokelewaje hata kabla hujafungua mdomo. Humo humo nusu-orki anapunguziwa haiba kwa kuzaliwa kwake tu. (Waandishi wa siku hizi wameyaacha mengi ya namna hii, toleo la 2024 limeacha hata neno la asili lililomaanisha mbari.) Lakini mchezo huo huo ulikuwa na kanuni nyingine ambayo mimi naiona ina busara zaidi. Katika kanuni za wanaoanza za mwaka 1981, ukikutana na usiyemjua, msimulizi hutupa dadu mbili: zikileta 2 unashambuliwa papo hapo, zikileta 12 umepata rafiki. Nimefundisha hesabu miaka mingi, kwa hiyo najua kuwa 12 huja mara moja tu katika 36. Ni haba, lakini huja, nayo humlazimisha msimulizi kujiuliza huyu aliye mbele yangu ni nani. Jedwali halimwulizi kitu.

R. A. Salvatore, aliyeandika riwaya zinazotokana na mchezo huu, alilielewa jambo hili. Shujaa wake Drizzt Do'Urden, aliyetokea kwanza katika riwaya ya mwaka 1988, ni wa jamii yenye ngozi nyeusi na jina baya sana. Katika Sojourn ya 1991 anasingiziwa mauaji ya familia ya wakulima, na anayempokea ni mzee kipofu. Mwanzoni nilikunja uso: ni rahisi kumpokea mgeni usiyemwona! Lakini mzee yule anajua vizuri sana mgeni wake ni wa jamii gani.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwaka 1986, nikiwa mwalimu mkuu, nililetewa mwalimu kijana mwenye ualbino. Baadhi ya wazazi waliwaondoa watoto darasani mwake. Nilimwambia avumilie, watamzoea. Nikawatazama wazazi wote kama ukuta mmoja, na kwa kuwa ni ukuta, sikuitisha hata mkutano. Kumbe alikuwepo bibi mmoja jirani na shule aliyempelekea maziwa kila asubuhi, na mjukuu wake hakukosa kipindi hata kimoja. Nilimwona kila siku akipita na kibuyu chake. Haikunijia kumwomba aje azungumze na wenzake. Kijana yule aliomba uhamisho kabla mwaka haujaisha, nami nikatia saini.

Jumamosi iliyofuata binti hakuja. Mjukuu wangu alinuna, akacheza na waliobaki, mchezo ukachacha. Wiki ya pili alimpigia simu mwenyewe, akamwuliza anataka mji uweje. Swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Nilitegemea angeomba chuki yote iondolewe. Alipofika alinisalimu shikamoo, akaketi, akafungua karatasi yake yenye maua. Akasema bawabu abaki vile vile alivyo, ila apewe jina.

Mjukuu wangu hakuwa nalo. Ikabidi wote wangoje akilitafuta.