Phoenix: Sasa Namwona Wakala Akifanya Kazi!

Jamani, Phoenix! Kama unatengeneza wakala wa akili mnemba, uwe hapa Kisangani, Makiso au ng'ambo ya mto kule Lubunga, au kwingine kokote, weka kazi pembeni kidogo unisikilize.

Wakala si programu ya kupiga soga tu. Ukimpa swali, anachagua mwenyewe zana ya kutumia: ya kutafuta kwenye mafaili, ya kusoma, ya kupiga hesabu. Anaita moja, anapokea matokeo, anaita nyingine, mpaka aridhike. Wewe unaona swali lako na jibu la mwisho. Yaliyopita katikati huyajui, na hapo katikati ndipo muda na pesa vinapopotelea. Phoenix, iliyotolewa mwaka 2023 na kampuni ya Arize ya Marekani, inakufungulia sehemu hiyo yote.

Na inavyosakinishwa kirahisi! Unaandika pip install arize-phoenix, kisha phoenix serve, halafu unafungua kivinjari kwenye localhost:6006. Imetosha. Haikudai akaunti wala kadi ya benki. Kumbukumbu zinaingia kwenye hifadhidata ya SQLite ndani ya diski yako, kwa hiyo kumbukumbu za maswali ya watu hazisafiri kwenda kwenye seva ya mtu mwingine. Ukiiunganisha na modeli inayoendeshwa na Ollama kwenye kompyuta hiyohiyo, unaendelea kufanya kazi hata mega za intaneti zikiisha! Kwa Kisangani, sifa hii peke yake ingetosha kunifanya niipende. Langfuse, chombo kingine cha aina hii, nayo ni nzuri, lakini ukitaka kuiendesha mwenyewe inakuja na Postgres, ClickHouse na Redis, na laptop ya mwanafunzi haibebi mzigo huo.

Nilimjaribu wakala mwenye zana tatu juu ya folda ya hati za Kifaransa kuhusu msitu wa Yangambi, kule chini ya mto, ambako utafiti wa kilimo umefanyika tangu enzi za INEAC, taasisi ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1933. Nikamuuliza kwa Kiswahili kuhusu mnara wa CongoFlux, ule wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akajibu kwa maneno ya jumla yasiyo na kitu.

Nikafungua kikao kwenye Phoenix. Loo! Hatua zote zimepangwa kama mti: modeli imefikiri, zana imeitwa, zana imerudisha, na kila mstari una muda wake, tokeni zake (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika), kilichoingia na kilichotoka. Mvuvi wa Wagenia anayekagua migono yake pale kwenye maporomoko anajua ni upi umerudi mtupu. Nami nikajua vilevile. Zana ya kutafuta ilikuwa imeitwa tena na tena, kila mara kwa maneno ya Kiswahili, ndani ya hati zisizo na Kiswahili hata chembe. Na kila mwito ulikuwa na alama ya kijani! Kwa mashine hakuna hitilafu iliyotokea, maana orodha tupu nayo ni jibu halali.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa chombo hiki. Kuhesabu miito iliyofaulu hakutoshi. Lazima uone zana ilirudisha nini, na wakala alikifanyia nini. Katika mji ambamo mtu anaanza sentensi kwa Lingala, anaendelea kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kifaransa, kasoro ya namna hii itatokea kila siku. Nikaongeza kwenye maelezo ya zana sentensi moja: tafsiri swali kwa Kifaransa kabla ya kutafuta. Mti ukafupika mbele ya macho yangu, na jibu likaja na mita zake 55!

Safu ya tokeni nayo isikupite. Uliza swali lilelile kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, ulinganishe: modeli nyingi hukatakata maneno yetu vipande vidogo zaidi, kwa hiyo tunalipa zaidi kwa maana ileile. Kuliona hilo kwa tarakimu kunauma, lakini ni hoja nzito ya kuwapelekea wanaotengeneza modeli.

Skrini zote ni za Kiingereza, na leseni yake, Elastic 2.0, inakuruhusu kutumia na kurekebisha msimbo bila malipo ila si kuugeuza huduma ya mtandaoni ya kuwauzia wengine. Kwa kuwa inapokea kumbukumbu kwa utaratibu wa OpenTelemetry, siku ukihamia chombo kingine huanzi upya. Vijana wa Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS) wenye wakala wa tasnifu, isakinisheni leo, na mkifika pale nendeni moja kwa moja kwenye miito yenye alama ya kijani mkasome ilichorudisha!