Kitenzi "Kuugua" na Malezi ya Mtoto Mwenye Usonji Mpakani mwa Busia na Tororo

Kiswahili sanifu kina nomino ya kutosha, usonji. Kasoro imo katika kitenzi kinachoambatanishwa nayo. Vyombo vya habari aghalabu huandika kwamba mtoto "anaugua usonji", ilhali usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huishi nayo maisha yake yote. Kitenzi hicho kina fadhila moja: humwondolea mama lawama za laana. Hata hivyo, anayeugua hutarajiwa kupona.

Athari yake hudhihirika Busia na Tororo. Mama ambaye mwanawe wa miaka mitatu hajatamka neno na hulia kwa kelele za soko, akiambiwa mtoto anaugua, huanza kusaka tiba: huvuka mpaka, hulipa, hurudi, huvuka tena. Akiambiwa mtoto "ana usonji", swali hugeuka: awasiliane naye vipi?

Sera nazo zimechelewa. Takwimu za ulemavu katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 zilihusu wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Miaka migumu ya mwanzo ikabaki nje ya hesabu. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini nyumbani mama huyu huzungumza Lusamia, Ateso au Dhopadhola.

Kwa hiyo, istilahi pekee haitoshi. Wahudumu wa afya ya jamii wa pande zote mbili wanahitaji sentensi nzima, katika lugha hizo, za kumwambia mzazi.