Wahadzabe katika Somo la Ujima

Sisi tuliosoma shule za msingi Babati katika miaka ya 1990 tuliwajua Wahadzabe kwa njia moja tu: walikuwa mfano. Mwalimu alipozifikia hatua za maendeleo ya jamii, yaani ujima, utumwa, ukabaila, ubepari na hatimaye ujamaa, hatua ya kwanza ilihitaji watu wa kuijaza, nao wakawa Wahadzabe, ambao vitabu vya zamani viliwaita Watindiga.

Si haki kusema kwamba somo hilo liliwatukana. Liliwasifu: hawakuwa na unyonyaji, waligawana nyama, hapakuwa na bwana wala mtwana. Kasoro imo katika kitenzi. Waliishi, waliwinda, walichimba mizizi. Kila sentensi ilibeba -li- ya wakati uliopita, hali watu wenyewe wangali hai katika bonde la Yaeda, wilaya jirani ya Mbulu, wakirina asali siku zile zile tulipokuwa tukinakili habari zao kutoka ubaoni. Ngazi yenyewe haikutoka huku. Mmarekani Lewis Henry Morgan aliichora mwaka 1877, akitegemea sana habari za wenyeji wa Marekani, na Engels akaichukua mwaka 1884.

Mtu akishawekwa chini ya ngazi, kumpandisha kwa nguvu huonekana kuwa ni huruma. Mwaka 1964 serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini ili wawe wakulima. Wengi waliugua, baadhi wakafa, na wengine wakarudi porini. Habari hiyo, iliyokuwa na umri wa miaka thelathini hivi tu, haikuwamo katika somo letu. Wala hatukuambiwa kwamba lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote, hata Kisandawe chenye vidoko kama yenyewe.

Kanisa nalo lisijitoe. Tunapowataja watu hawa twapenda neno “bado”: bado hawajalima, bado hawajajenga, bado hawajabatizwa. “Bado” ya tatu ina msingi katika Mathayo 28. Mbili za kwanza ni za Morgan, nasi huzitamka zote kwa pumzi moja.

Mwanafunzi wetu atakayepangiwa kazi Mongo wa Mono atawakuta watu ambao mwaka 2011 walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Kabla ya kuwahubiria, awaulize habari za 1964. Watoto wa wale waliorudi porini wangalipo.